Choo Kimoja Nimekijenga Mara Tatu

Leo ni Jumapili ya pili ya mwezi wa nane. Nina miaka miwili na miezi minne tangu nitoke kwetu Kibondo. Admin, nifichie jina langu na la kituo, maana hapa ninapoandika nimelala kwenye stoo yao na kesho asubuhi naamkia kazini hapo hapo.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na moja, fundi ujenzi, shule niliishia darasa la tano. Mke na watoto wako nyumbani. Huku Arusha nafanya kazi kwenye kituo cha watoto yatima, upande wa Akheri. Watoto wako thelathini na wanane.

Mara ya kwanza niliitwa kujenga vyoo, matundu sita. Nilivijenga vizuri, nasema bila kujisifu. Vya kuvuta maji, vigae mpaka usawa wa kifua, mlango wa chuma. Mwenye kituo, sote tunamwita Mama, akaniletea kibao cha marumaru chenye jina la wafadhili, nikakipachika juu ya mlango. Wageni wakaja, watoto wakaimba, picha zikapigwa. Magari yalipoondoka tu, Mama akanituma dukani nikanunue kufuli. Nikadhani la stoo. Kumbe la vyoo. Akasema watoto hawa hawajazoea vyoo vya kuvuta, wataviharibu, na wageni wengine wako njiani. Watoto wakarudi kwenye choo cha zamani kule chini kwenye migomba, shimo la mbao zilizooza, mlango wake gunia.

Baada ya miezi saba akaniambia nibandue kile kibao, nipige rangi, niweke kingine. Jina lingine. Nikauliza kama tunajenga vipya. Akacheka. "Fundi, wewe bandika. Kusoma tuachie sisi." Akaniwekea karatasi kama ile niliyosaini mara ya kwanza, nikasaini pale alipoweka kidole. Mwaka huu tena, kibao cha tatu, rangi mpya, karatasi nyingine, sahihi yangu. Cha pili naweza kusema sikuelewa. Cha tatu nilikuwa najua. Nilibandua huku natema mate, lakini nilibandua.

Mwezi wa sita wafadhili wa tatu wakamtuma mkaguzi, aangalie kama pesa yao imefanya kazi. Dada mdogo tu, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Mama alimtembeza, akamfungulia vyoo vinanukia dawa. Halafu yule dada akaomba kuongea na fundi peke yake. Akanikuta nachanganya zege, nimejaa saruji mpaka kwenye kope, akaniambia, "Shikamoo, fundi." Msomi yule, ananiamkia mimi. Nikaitikia marahaba. Akauliza vyoo vimejengwa lini, nikamwambia mwaka huu. Akauliza watoto wanavitumia, nikamwambia kila siku. Akaandika. Akaniachia namba yake kwenye kikaratasi, nikikumbuka lolote nimpigie. Alipogeuka nilinawa mikono mara mbili, na saruji haikuwa shida.

Wiki tatu zilizopita wageni walikuwa wanategemewa, watoto wamevalishwa sare mpya. Nilikuwa nazibua mfereji karibu na migomba nikasikia mbao zinakatika, kisha kilio cha chini, kama mtu anajizuia asisikike. Nikakuta msichana wa miaka tisa hivi amezama mpaka kwapani, ameng'ang'ania ubao mmoja uliobaki. Nikalala kifudifudi nikamvuta. Samahanini mnaokula, lakini lazima niseme. Alikuwa na kinyesi mpaka shingoni, funza wanatembea kwenye sare. Nikambeba mpaka bombani. Nilidhani analia kwa hofu ya shimo. Akaniambia, "Baba fundi, usimwambie Mama. Nimechafua sare."

Nilimwambia Mama. Sikumsema mtoto, nilisema mbao zimevunjika na nikaomba ufunguo wa vyoo. Akasema nipigilie mbao nyingine. Nikamwambia kama hafungui, mkaguzi akirudi nitasema. Hakupandisha hata sauti. Alitoa karatasi tatu kwenye droo akazipanga mezani.

"Soma mwenyewe, taratibu. Nani kasaini kwamba amejenga mara tatu? Nani kapokea pesa? Na wafadhili wakikimbia, baba, hawa watoto utawalaza kwenye hiyo stoo yako?"

Nikasoma kwa shida, kidole juu ya mstari. Ni kweli. Jina langu lipo, na pesa ambayo sijawahi kuishika maishani mwangu. Yeye jioni anarudi nyumbani kwake Njiro, anafunguliwa geti. Mtoto anaoga kinyesi. Na kwenye karatasi mwizi ni mimi.

Mbao nimebadilisha kwa hela yangu mwenyewe. Lakini nawaambia kama fundi, lile shimo limeliwa kuta zote kwa ndani. Mvua za vuli zikishika litatitia, na haijalishi atakuwa nani juu yake. Vyoo sita viko hatua thelathini kutoka hapo, vinang'aa, vimefungwa.

Mkaguzi anarudi Alhamisi. Nikimwambia ukweli, sahihi zangu zinaweza kunipeleka ndani, na kituo kikifungwa sijui watoto wataenda wapi. Nikinyamaza, iko siku nitavuta mtu asiyepumua. Msinitukane, nilichofanya nakijua. Mliowahi kufanya kazi sehemu kama hizi niambieni nianze kwa nani: yule dada, ustawi wa jamii, au mwenyekiti wa kijiji ambaye kila picha amesimama ubavuni kwa Mama? Nishaurini kabla ya Alhamisi, nifanyeje?

Nyumbani nimesema nitafika Desemba. Mke wangu ameshaanza kuwaambia watoto. Sijamwambia kwamba huenda nikachelewa.