Gunia la Kiti cha Kushoto

Miaka ile ya sabini, ukihamishiwa Kibondo ulipewa pole kabla ya hongera. Mimi nilifika nikitokea Korogwe na sanduku la bati, boksi la spana na kiburi cha fundi aliyezoea kuitwa kila gari linapowashinda wengine. Karakana niliyokabidhiwa ilikuwa na Landrova mbili na trekta moja lililokwisha kufa.

Wenyeji sitawasema vibaya. Waha ni watu wa salamu. Wanapiga makofi taratibu, wanakuuliza umeamkaje, na nyumbani je, na wazazi wako ambao hawajapata kuwaona. Tatizo lilikuwa baada ya salamu. Nikikaa kwenye benchi la mama ntilie, mazungumzo yaliyokuwa yakichemka kwa Kiha yalihamia kwenye Kiswahili kwa heshima yangu, na kwa Kiswahili hawakuwa na mengi ya kuniambia. Baada ya muda kila mtu anatazama kikombe chake. Nikazoea kunywa chai ya moto haraka, ulimi ukiungua, ili niwaachie lugha yao. Upweke wa namna hiyo hauna wa kumlaumu, na mimi ni mtu ninayependa kulaumu.

Ndipo akaja mhandisi wa barabara, naye kahamishwa kutoka Dar es Salaam. Alikuja na gari la mashindano la kutoka Ulaya, alilouziwa na mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Gari lilikuwa chini mno, kuku wa sokoni walilitazama machoni. Nilimwambia siku ya kwanza kwamba barabara ya Kasulu italitafuna, akacheka. Haikupita miezi miwili likaja karakanani likigonga nyuma kila anapokata kona. Zile shafti mbili fupi zinazotoka kwenye difu, lile bonge la gia la nyuma, kwenda magurudumu ya nyuma zilikuwa zimechanika mipira, grisi imetoka, vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye beringi.

Akaagiza shafti mpya, tukaanza kusubiri. Kila jioni akitoka kazini alipita karakanani, akakaa juu ya tairi bovu na kunisimulia habari za madaraja, za mjini, za mkewe aliyekataa kumfuata huku. Nami nikamweleza mambo ambayo sikuwahi kumweleza mtu. Nilikuwa nimesahau raha ya kuanza hadithi na kuifikisha mwisho.

Jioni moja akasema, "Ndugu fundi, nimeomba uhamisho. Shafti zikifika, narudi Dar niingie kwenye mashindano. Na wa kukaa kushoto kwangu ni wewe. Nani mwingine analijua gari hili?"

Nilicheka, kama vile nimeona ni utani. Kesho yake nikafua mashati yangu yote.

Shafti zilikuja kwa treni hadi Kigoma, zikapandishwa kwa lori mpaka Kasulu. Nilizifuata mwenyewe, nikarudi nimezipakata juu ya magunia ya chumvi, safari nzima nikizikinga na mvua kwa koti langu. Kuzifunga haikuwa kazi. Nilifungua za zamani, nikasafisha, nikajaza grisi mpya, nikakaza. Kazi ilikuwa magurudumu. Nilikuwa nimelegeza mikono yote inayoyashikilia, na gari la namna ile lisiponyooshwa sawasawa linakula tairi, na kwenye mwendo mkali linaweza kukuua.

Karakana yangu ilikuwa na sakafu ya udongo, kwa hiyo nikaomba ghala la mazao, lenye saruji iliyolala vizuri. Nikaipima kwa pimamaji, nikatandika vipande vya bati palipokuwa na bonde. Nikavuta kamba mbili ubavuni mwa gari kutoka mbele hadi nyuma, na kila gurudumu nikaliangalia kwa timazi la mwashi.

Lakini gari tupu halipimwi. Gari jepesi la aina ile hukaa kwa namna nyingine kabisa watu wakishaingia, na ukilinyoosha likiwa tupu umejidanganya. Lazima uweke uzito wa wale watakaosafiri. Mhandisi nilikwisha mpima kwenye mizani ya ghala: kilo themanini na moja. Nami nikapanda: hamsini na nane.

Magunia ya maharage ya kushika uzito huo nikaazima kwa mama mmoja Mrundi aliyekimbia vita kwao, akawa analima na kuuza pale jirani na ghala. Alikuja kuona mali yake inafanywa nini, akakuta magunia mawili yamekalishwa kwenye viti vya gari.

"Fundi weye, maharage yangu yanakwenda safari?"

"Hayaendi, mama. Yamekaa badala ya watu. Hili la kulia ni bwana mhandisi."

"Na hili dogo?"

"Ni mimi."

Akapiga makofi. "Yoo! Uyu fundi wetu anatuacha!"

Nilifanya kazi ile siku mbili, kwa furaha ambayo hata leo naionea aibu. Nikigusa nati, napima, nagusa, napima. Siku ya tatu asubuhi kamba na magurudumu vikakubaliana, kulia na kushoto.

Mhandisi akaja saa nne, tayari na begi. Akachungulia ndani.

"Hilo la kushoto la nini? Litoe. Naondoka peke yangu."

Nikamwuliza habari ya mashindano. Akasema, bila ubaya wowote, kwamba amepata mtu Dar mwenye leseni ya mashindano, mzoefu. Nadhani hakukumbuka kabisa alichoniambia. Alinishika mkono, akanishukuru sana.

Nilitakiwa kumwambia asubiri. Gunia likitoka, kipimo chote kinahama, na kukirudia ni kazi ya nusu siku. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Lakini nilikuwa nimeumia, na nikiumia huwa nanyamaza. Nikashusha la kulia, nikabeba gunia langu begani, nikamwambia, "Tayari, ndugu. Usikimbize sana."

Mama alinipokea gunia lake pasipo kuuliza kitu. Mchana akaniletea bakuli la maharage, akakaa mpaka nilipomaliza.

Baada ya miezi mitatu barua ikaja. Hakupata kuingia kwenye mashindano. Mambo yalikuwa mengi, mkewe naye ameondoka. Gari anaendesha mwenyewe, shafti ziko salama. "Ila linavuta kushoto kidogo," aliandika. "Si sana. Mafundi wa huku hawaoni kosa. Unadhani ni nini?"

Niliisoma nimesimama katikati ya karakana, nikafurahi kwamba kuna mahali fulani pengo langu linaonekana, hata kama ni kwenye usukani tu. Kisha nikaona haya, kwa sababu barabara zina malori, na kosa lile nililijua.

Nikamjibu siku ileile. Nilimwandikia apeleke gari likapimwe upya, akiwa ndani yeye peke yake. Na wakati anasubiri nafasi, aweke kilo hamsini na nane kwenye kiti cha kushoto, litanyooka. Sikumwandikia ni uzito wa nani.