Masega ya Hilaria

Hilaria alilelewa na babu yake katika kambi ya mkonge nje kidogo ya Korogwe, na babu huyo alimrithisha jambo moja kuu kuliko yote: usiuache mkonge wako peke yake. Enzi zake, mkataji aliyefunga mizigo yake kisha akaenda kunywa maji, alirudi akaikuta imepungua, na msimamizi hakuona wala hakusikia. Basi babu alikula amesimama kando ya mkonge wake, kiu imembana, mpaka toroli la kuukusanya lipite. Shamba lilikuja kufa, babu naye akafa, lakini mjukuu aliendelea kusimama.

Siku hizi alisimama kando ya gari. Lilikuwa gari dogo jeupe, la zamani, lenye injini ndogo isiyopenda mafuta mengi, na Hilaria aling'oa viti vya nyuma ili mizigo ikae. Alichukua mahindi vijijini Handeni, akayapandisha Vugiri, akashuka na ndizi na kabichi. Kila kifaa kilichoonekana chini ya boneti alikitia doa la rangi nyekundu ya kucha, kisije kikabadilishwa gereji.

Wiki iliyopita gari lilimwaibisha. Kwenye kona ya mwisho kabla ya Vugiri liliguna, likatetemeka, likaanza kurudi nyuma, na watu wakakimbia kuweka mawe chini ya magurudumu. Mahindi yalimalizia safari kwa bodaboda. Mzee Mhina, anayewakusanyia wakulima wa kule mzigo wao, alimsubiri mpaka ndizi zikapigwa jua.

"Mwanangu Hilaria," alimwambia, "mimi sina ugomvi na wewe. Lakini Alhamisi usipofika, mzigo nampa Muhsin. Na nikishampa, nimempa."

Muhsin, dereva mwenzake, alikuwa na gari la Noah lenye nguvu. Tena alikuwa shemeji yake Mbaruku, fundi pekee pale Korogwe aliyelijua lile gari vizuri. Hilaria aliwaza safari nzima ya kushuka. Je, petroli ilichanganywa na mafuta ya taa? Je, kuna mtu alitia sukari kwenye tangi? Nani alikuwa karibu na gari alipoingia dukani kununua sabuni? Kila alipowaza, sura ya Muhsin ilikuja.

Jumatano asubuhi alikuwa gereji kwa Mbaruku, ameketi kwenye kopo la rangi lililogeuzwa, macho kwenye mikono ya fundi.

Mbaruku alifungua boneti akacheka. "Dada Hilaria, hili gari lina surua?"

"Limechanjwa, fundi. We fanya kazi."

"Unanihesabia hata nati?"

"Nati nakuachia. Vingine navijua."

Fundi akacheka tena, safari hii kidogo. Alikagua plagi, akavuta nyaya, akafungua kasha la chujio la hewa. Alichungulia ndani. Mkono wake ukatulia. Kisha akarudisha mfuniko, akabana vibanio, akaupigapiga kwa kiganja. "Huku salama," alisema.

Akaingia uvunguni na kutoka akijifuta mikono. "Nimeujua ugonjwa. Masega."

Hilaria alikijua kifaa hicho, kile kibuyu cha chuma kwenye bomba la moshi, chenye matundu ndani kama sega la nyuki.

"Yameziba," Mbaruku akaendelea. "Moshi hautoki, injini inakosa pumzi. Nayakata, naunga bomba tupu, kesho unapanda Vugiri mpaka utaisahau breki. Watu wote wanatoa siku hizi."

"Na hayo masega yenyewe?"

"Ya nini tena? Takataka tu. Nitatupa mimi."

Hilaria alitazama ukuta wa gereji. Plagi zilizokufa zilining'inia kwenye misumari, mikanda iliyokatika imekunjwa vizuri, hata vioo vya taa vilivyopasuka vilikuwa na kona yao. Mtu huyu hakuwahi kutupa hata waya. Na kule Handeni alishawaona wanunuzi wenye mizani wakipita gereji hadi gereji, wasitake chuma chakavu kingine chochote ila masega.

"Basi kata," alisema. "Takataka yangu nitaitupa mwenyewe."

Mbaruku alijikuna shingo. "Sasa dada, utaipeleka wapi?"

"Nitaweka sebuleni."

"Aa, kwa hivyo kazi hii inakuwa ngumu. Kwanza leo nina gari la watu. Labda Ijumaa."

"Ijumaa, fundi? Na unajua Alhamisi nina safari? Shemeji yako hajakuambia?"

"Muhsin ameingiaje hapa?"

"Ndicho ninachouliza."

Mbaruku aligeukia gari la watu. Hilaria alifunga boneti mwenyewe na kuondoka, gari likikohoa barabarani kama mgonjwa aliyefukuzwa wodini. Alikuwa ameshinda ubishi, na kesho angepoteza mzigo. Ubishi haupandi mlima.

Alipofika Makuyuni, kiganja cha Mbaruku kilimrudia akilini. Huku salama. Mbona palipo salama aliduwaa? Na mbona alifunga haraka, yeye anayependa kumwonyesha mteja kila uchafu?

Aliegesha pembeni, akafungua vibanio. Ndani, juu ya chujio, kulikuwa na kitambaa kimefungwa kwa mpira, kizito, chekundu kwa vumbi lililoganda kama udongo wa kukandikia nyumba. Pembeni maua ya kanga yalionekana kwa mbali. Ilikuwa kanga yake. Fundo lilikuwa lake.

Alikumbuka kiangazi. Madereva wa Handeni walimwambia vumbi la vijijini linakula injini, na kila mmoja wao alifunga kitambaa juu ya chujio. Naye akafunga, maana hakuliamini hata vumbi. Kisha masika yakaja, kitambaa kikalowa, kikakauka, kikalowa tena, naye alikuwa kazini kuwachunga watu.

Alikivuta kikatoka kizima, kigumu kama ukoko wa ugali. Akakung'uta chujio kwenye goti, akawasha gari. Lilivuta pumzi.

Alhamisi, Noah ya Muhsin ilikuwa imeegeshwa chini ya ile kona, yeye mwenyewe akitafuna muwa.

"Mawe yapo tayari, dada!" alipaza sauti.

"Yakalie wewe!"

Alitia gia namba moja, akakanyaga. Gari liliguna, likasita kidogo, kisha likashika mlima, polepole, bila kusimama. Juu, Mzee Mhina alisimama kando ya mikungu ya ndizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nilisikia gari lako linakatwa masega."

"Nani kakuambia?"

"Muhsin. Jana asubuhi, mapema."

Mapema, kabla hata yeye hajafika gereji. Hilaria akaelewa kuwa Muhsin na shemeji yake walishapanga. Alisimama palepale kando ya mikungu yake mpaka wa mwisho ulipopakiwa.

Jioni, akirudi na mzigo, alipunguza mwendo mbele ya gereji.

"Umepanda?" Mbaruku aliuliza.

"Nimepanda."

"Na masega?"

"Yapo mahali pake." Akamrushia kile kitambaa. "Hiki je, ulikiona?"

Mbaruku alikigeuza mara mbili mkononi. "Kitambaa gani hiki, dada?" alisema, na badala ya kukitupa, akakitundika ukutani.