Kipimo cha Mto

Baba yangu ni mpiga picha. Wenzake walipiga harusi na mahafali. Yeye alipiga za pasipoti, tena kwa kununa, maana tabasamu lake aliuwekea mto. Kila Jumatatu asubuhi, kwa miaka thelathini na minne, alifunga studio, akaenda darajani, akaupiga picha mto uleule. Sisi wanawe hatuna picha hata moja ya utotoni. Mto unazo elfu moja na mia saba ushee.

"Baba watoto, kwani mto umekuomba?" mama alizoea kumuuliza.

"Hebu simama pale ukingoni."

Alihitaji kipimo cha maji, na rula haina miguu. Basi tangu walipooana, kipimo alikuwa mama.

Mwaka huu halmashauri ikatuchorea alama nyekundu ya X ukutani: tumejenga karibu mno na mto, nyumba ibomolewe. Baba, Mungu amsamehe, alifurahi. Hatimaye kuna mtu anazihitaji picha zake! Tukabeba maboksi hadi ofisi ya ardhi, kuthibitisha kwamba mto ndio uliotufuata sisi.

Afisa akageuza picha ya kwanza. Nyuma ilikuwa nyeupe pee.

"Tarehe iko wapi, mzee?"

"Tarehe inachafua picha," akajibu bingwa wetu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama akavuta kiti, akatoa mkobani kadi zake zote za kliniki, akaanza kuzipanga picha kwa kufuata tumbo lake.

"Hapa nina mimba ya binti yangu huyu. Hapa ya mdogo wake."

Akafikia ile ya zamani kuliko zote: nyumba yetu ikiwa mpya, mto uko kule mbali.

"Hapa ni yule wa kwanza," akasema taratibu. "Aliyefia tumboni."

Kadi yake ilikuwa na tarehe. Afisa akaandika kwamba nyumba isibomolewe.

Baba hakusikia. Alikuwa ameiinamia ile picha, machozi yanamtoka.

"Mimi nilikuwa naangalia maji tu," alisema.

Akaomba arudishiwe, kwa kuwa negativu yake, ile filamu ya kuchapia nyingine, ilishaoza zamani.

"Hiki ni kielelezo, mzee. Kinabaki kwenye faili."

Lakini afisa ni mtu mwenye huruma, akatutolea fotokopi. Mto umetoka vizuri sana. Mama ametoka doa jeusi.