Tableti Haikumsikia

Mpaka leo nikikumbuka ile siku nachemka. Nimeombewa hata kanisani, nimeambiwa nisamehe, na nimesema nimesamehe. Uongo. Sijasamehe.

Binti yangu alikuwa na miaka mitano. Alikuwa anamaliza mwaka wa kwanza wa chekechea katika shule moja ya kibinafsi pale Kinoo, na Januari alitakiwa apande PP2, yaani mwaka wa pili, na wenzake. Sisi tunaishi Waithaka, na mimi nina kibanda sokoni Ngara, nauza vifungo, zipu na uzi kwa mafundi wa nguo. Likizo zikifika mtoto alishinda nami kibandani, na kazi yake ilikuwa kupanga vifungo: vyeusi huku, vyeupe kule, vya mashimo mawili mbali na vya mashimo manne. Fundi akiitisha dazeni, binti yangu ndiye alikuwa akimhesabia, na hakuna fundi aliyewahi kurudi kulalamika.

Sasa, Ngara tumebanana. Meza yangu imegusana na ya mama wa vitambaa, na ya mama wa vitambaa imegusana na ya jamaa wa saa. Mtoto akishika kitu cha wenyewe kikavunjika, hivyo ni vita vya wiki nzima. Kwa hivyo tangu huyo mtoto aanze kutambaa nimemwambia jambo moja: "Angalia na macho, usiangalie na mikono." Kila mama ninayemjua huwaambia wanawe hivyo. Ukienda kwa watu unakaa kitini, mikono kwenye mapaja, unangoja upewe. Ndivyo nilivyolelewa kwetu Machakos, na sioni haya hata kidogo.

Basi shule ikanunua tableti. Redioni wanaziita vishikwambi, lakini huku kwetu ni tableti tu. Wazazi tukaitwa mkutano, tukapewa soda, tukaambiwa watoto wetu sasa watasoma kisasa, na hata kupanda darasa wataulizwa maswali na tableti yenyewe. Tulipiga makofi mpaka mabati yakalia.

Mtihani wenyewe ukafanywa mwisho wa muhula. Baada ya siku chache nikapata ujumbe kwa simu nikiwa na mteja. Mtoto wako hatapanda. Ametolewa kwa wenzake na kuwekwa katika kikundi cha wanaohitaji muda zaidi. Muda zaidi wa nini, jamani? Huyu anayenihesabia dazeni?

Jioni nikamuuliza, "Kwani ule mtihani ulikuwa mgumu?"

"Ulikuwa rahisi," akasema. "Ile kitu iliniuliza ng'ombe ni gani, nikasema ni huyu wa mwisho. Ikauliza tena. Nikasema tena kwa nguvu. Ikauliza tena. Mum, hiyo kitu haisikii."

"Na hukuigusa?"

Akanikodolea macho. "Si ni ya mwalimu?"

Woi! Nilitaka kulia na kupiga mtu, yote kwa wakati mmoja.

Kesho yake sikufungua kibanda. Nilienda moja kwa moja kwa ofisi ya mwalimu mkuu. Mama mmoja mtulivu, sauti laini, ile sauti ya mtu anayekuongelesha kama wewe pia uko chekechea.

"Mzazi," akaniambia, "mashine haina ubaguzi. Hakujibu hata swali moja."

"Alijibu. Kwa mdomo."

"Mfumo haupimi mdomo."

Ati mfumo! Nikamwambia aniitie mwalimu wa darasa. Akaja, msichana mdogo tu, bado ana wasiwasi wa kazi mpya. Nikamuuliza kama alikuwa ameketi na binti yangu wakati wa mtihani.

"Ndiyo, mama. Nilikuwa kando yake."

"Alijibu ama hakujibu?"

Akamtazama mkuu wake, halafu akatazama sakafu. "Alijibu yote."

"Na ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Mbona basi hukumwambia aguse?"

"Tulikatazwa kusaidia watoto. Na hakuna mahali pa kuweka kile wanasema."

Hapo ndipo nilipolipuka. Nilipandisha sauti mpaka mpishi akaja kuchungulia na mwiko mkononi. Niliwauliza wanalipwa kufundisha au kuchunga kioo. Niliwauliza ni lini adabu iligeuka kuwa ujinga. Mtoto amekaa vizuri, hajashika kisicho chake, amejibu kila swali kwa sauti, mtu mzima yuko kando yake na masikio mawili mazima, na bado wanasema ni mzito wa kuelewa! Yule mwalimu akaanza kulia. Sikumhurumia, nasema ukweli. Labda leo ningemhurumia kidogo.

Mwalimu mkuu kuona hivyo akasema mtoto aletwe apimwe tena mbele yangu. Akaletwa. Akaketi, mikono kwenye mapaja, akaniangalia.

"Gusa, mama," nikamwambia. "Leo nimekuruhusu."

Hakugusa. Alimgeukia mwalimu mkuu kwanza. "Madam, naweza?"

Ikabidi Madam aseme ndiyo. Binti yangu akanyoosha kidole kimoja, akagusa polepole kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto. Tableti ikaimba. Akagusa tena, ikaimba tena. Ng'ombe, herufi, hesabu, rangi, zote, mpaka ikapiga makofi yenyewe.

"Kumbe ni mwerevu hivi!" akasema mwalimu mkuu, anacheka.

Kumbe! Hilo neno lilinichoma kuliko ule ujumbe wa simu. Akasema watarekebisha, atapanda na wenzake, yaishe. Ningechukua mtoto wangu niende zangu. Lakini mlango ulikuwa wazi, na ng'ambo ya veranda nikaona kile kichumba cha wanaohitaji muda zaidi, walimomtoa binti yangu. Watoto wengine watatu walikuwa wameketi kwenye mkeka, mikono kwenye mapaja.

"Na hao?" nikauliza. "Walipimwa vipi?"

"Vivyo hivyo."

"Mtawarudia lini?"

"Wazazi wao hawajalalamika, mzazi."

Nawajua wazazi wao. Mmoja hufulia watu nguo Kangemi, anatoka nyumbani kabla ya jua. Mwingine yuko mjengo, kibarua wa ujenzi. Wa tatu huuza mboga, tunaketi benchi moja kanisani. Walipata ujumbe kama wangu, wakauamini. Usiku huo walilala wakijua wamezaa mtoto mzito, kwa sababu mashine ya shule imesema.

Nikavuta kiti, nikaketi.

"Leo mimi ndiye mzazi wao," nikasema. "Lete wa kwanza."