Gari la Wafuma Nguo

Siku ile tajiri wangu aliponiomba niende nyumbani nikaliseme vibaya gari la Wajapani, ningeweza kukataa. Hakunishika shingo. Alikuwa amekaa nyuma ya meza yake dukani Mlandege, kikombe cha chai mkononi, akanieleza kwa upole kama mtu anayemwagiza mwenzake kitu sokoni. Nilisimama mbele yake, nikasema, "Sawa, tajiri." Kisha nikarudi kwenye kiti changu nikaendelea na kazi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala. Nilikuwa karani katika duka la vipuri mjini Iringa, duka lililouza pia magari ya Kiingereza kwa wenye mashamba na wamisheni. Kijana aliyesoma sekondari wakati ule hakuwa wa kuokotwa njiani. Nyumbani, milimani kusini ya Mbeya, nikifika kwa likizo wazee walininyamazia niseme kwanza. Tajiri alilijua hilo. Alijua pia kwamba sibishani na mkubwa.

"Yule mwenzangu wa Mbeya ameletewa gari la Kijapani," aliniambia. "Moja tu, la mfano. Anataka lionekane likipanda milima ya kwenu mvua zote, ili watu waseme. Na nasikia aliyepewa kulijaribu ni kaka yako."

"Ni kweli, tajiri."

"Mimi sikuambii useme uongo. Wakumbushe tu nguo za zamani." Akanywa chai. "Mwakani nafungua tawi Mbeya. Litahitaji mtu wa kulisimamia."

Nguo za zamani kila mtu alizijua. Kabla ya vita vya Hitila, vitu vya Kijapani vilijaa madukani kwetu kwa bei ya chini: vitambaa, vifungo, bakuli, taa. Mama yangu alinunua shuka nyekundu iliyotoa rangi siku ya kwanza mtoni, ikatia wekundu nguo zote za nyumbani, na baba akaenda kanisani na shati la waridi mpaka likachakaa. Tangu hapo, kitu chochote kilichovunjika mapema kwetu kiliitwa cha Kijapani, hata kama kilitengenezwa na fundi wa kijijini. Ndiyo sifa waliyokuwa nayo. Leo ukimwambia kijana habari hiyo atadhani umechanganyikiwa kwa uzee.

Lakini kwa mama yangu neno Mjapani lilikuwa na uzito mwingine. Mwanawe wa kwanza alichukuliwa jeshini akapelekwa Burma kupigana nao, na hakurudi. Hakukuwa na kaburi la kupalilia. Kilichobaki ni kigoda chake, ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Tulibaki wana wawili, kaka yangu huyo mwenye gari, na mimi.

Kaka hakusoma zaidi ya madarasa ya kanisani. Alikwenda kwa mkataba kwenye migodi ya dhahabu huko kusini, kama vijana wengi wa kwetu, akakaa miaka mingi chini ya ardhi. Alirudi na blanketi, baiskeli, ujuzi wa kuendesha gari na kikohozi kikavu ambacho hakikuisha. Gari lile alipewa kulijaribu msimu mmoja wa mvua. Likimfaa, lingekuwa lake na angelilipia taratibu kwa kubeba mizigo. Lisipomfaa, alikuwa na njia moja tu ya kulisha mke na watoto, kurudi migodini.

Alinifuata Iringa mwenyewe, akiwa amepakia ndizi za kuuza. Lilikuwa pikapu la kijivu, fupi, lenye pua pana, na magurudumu yake yote manne yaliweza kuvuta. Wapagazi wa Mlandege walilizunguka wakiligonga kwa vidole.

"Hili ni kopo la samaki," mmoja akasema. "Limenyooshwa likawekwa taa."

"Usilioshe," mwingine akamwambia kaka. "Litachuja rangi."

Kaka alicheka nao mpaka kikohozi kikamkamata. Alipopata pumzi akasema, "Limeshanyeshewa tangu Makambako. Tazama mikono yangu kama ina rangi." Akawaonyesha viganja.

Tuliondoka pamoja kesho yake. Njiani alinieleza aliyoyasikia kwa mwenye duka wa Mbeya. Kiwanda kilichotengeneza gari lile kilitoka katika ukoo wa watengeneza mitambo ya kufumia nguo. Mtambo wao, uzi ukikatika, ulisimama wenyewe, usiendelee kufuma kitambaa kibovu. Kaka alipenda sana habari hiyo.

"Kumbe ndio walewale wa shuka ya mama," nikasema.

"Si walewale. Na hata kama ni walewale, mtu hujifunza." Akabadilisha gia. "Chini kule, mdogo wangu, waya wa lifti ukichakaa, mashine haisimami yenyewe. Inasimama ukishakufa."

Baada ya Mafinga mvua ilikuwa imeharibu barabara kabisa. Karibu na Nyololo tulikuta basi limezama tope hadi ekseli, abiria wamekaa kando ya njia wamejifunika magunia. Lori la Kiingereza lililokuja kulivuta nalo lilikuwa limelala ubavu. Dereva wa basi, mtu wa kwetu aliyeijua habari ya gari lile, alipotuona alisema kwa sauti ya kuchoka, "Haya, wafuma nguo wamefika. Watatufumia daraja."

Kaka alishuka, akatembea kwenye tope akilipima kwa mguu, akarudi, akavuta gia ya kuunganisha magurudumu ya mbele. Tukapita pembeni taratibu, gari likinguruma kwa sauti moja, bila kuruka wala kuyumba. Upande wa pili alifunga mnyororo, na basi likatoka. Yule dereva alilishika boneti kama mtu anayeshika shingo ya ng'ombe aliyetaka kumnunua. "Ndaga, kaka," akasema, shukrani ya kwetu. Hakuongeza mzaha.

Nilikaa ndani ya gari lile nikijua kwamba nimetumwa kulisema vibaya, na nimeliona kwa macho yangu. Ningeweza kugeuka pale Nyololo. Badala yake nilianza kufikiri nitasema nini kingine.

Tulipokaribia nyumbani, kaka alipunguza mwendo. "Jumapili baada ya ibada, mama atalipulizia gari maji," akasema. "Nimemwambia limetoka Mombasa. Hajui limetengenezwa na nani. Nitamwambia mwenyewe, likishamletea sukari na mafuta ya taa, likishampeleka hospitali mara moja au mbili. Kwa sasa wewe nyamaza."

"Watu hawajamwambia?"

"Nani atamtajia mama Mjapani?"

Nikamwambia nitanyamaza.

Ni lazima nieleze kupulizia maji. Kwetu mtu hakuanza safari kubwa, wala hakuingia nyumba mpya, kabla mzazi hajachukua maji kinywani na kumpulizia. Mchungaji aliijua desturi hiyo na hakuisema mimbarini, maana naye mama yake alimpulizia alipokwenda kusomea uchungaji. Gari ambalo lingebeba watu na mizigo yao kwenye milima ile, bila maji ya mama lisingempata hata abiria mmoja.

Siku zilizofuata nilikaa na wanaume kilabuni, nikawakumbusha nguo zilizotoa rangi. Walicheka, kwa kuwa niliieleza vizuri ile habari ya shati la baba. Kisha mzee mmoja, jirani yetu, akasema, "Lakini jana limenipandishia mahindi mpaka mlangoni. Nguo ya nani ilishawahi kunipandishia mahindi?" Kicheko kikanigeukia mimi. Wakaendelea kupanga nani atapakia viazi Jumatatu na nani Jumanne, kana kwamba sikuwepo. Mimi, msomi wao.

Nilitoka pale na uso unawaka. Nimejaribu miaka yote kusema kwamba nilifanya lililofuata kwa ajili ya ile nafasi ya Mbeya. Ilikuwamo. Lakini kilichonisukuma mguu hadi jikoni kwa mama ni kile kicheko.

Alikuwa anamenya ndizi. Nikamwuliza kama yu tayari kwa Jumapili.

"Niko tayari, mwanangu. Kaka yako amepata kitu cha kumkalisha nyumbani. Sasa nalala."

"Unajua gari limetengenezwa wapi?"

"Mombasa."

"Mombasa limepita tu, mama. Limetengenezwa na Wajapani."

Kisu kilisimama kwenye ganda. Aliangalia kile kigoda kwa muda, akarudi kwenye ndizi, akamenya mpaka zikaisha. Nilikaa nikingoja aseme neno, akaniambia tu niende nikapumzike. Bado palikuwa na nafasi. Ningemwambia kwamba watu waliotengeneza gari si waliompiga risasi mwanawe, kwamba nimeliona likifanya kazi Nyololo, kwamba nimetumwa. Nilikwenda kupumzika.

Jumapili watu wote wa kanisani walitufuata hadi uani. Kaka alikuwa ameliosha gari, na watoto walipitisha vidole kwenye boneti kutafuta rangi, wakavinusa. Mkewe alileta bakuli la maji. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akajaza kinywa, akasogea mbele ya gari. Kaka alivua kofia akainamisha kichwa kando ya taa, ili maji yampate na yeye.

Mama alisimama pale mashavu yamejaa. Tulimngoja. Kisha tukaona koo lake likipanda na kushuka. Aliyameza maji yale. Aliliweka bakuli chini, akaingia ndani.

Watu waliondoka mmoja mmoja, wakimpa kaka mkono kama msibani. Jumatatu hakuna aliyeleta viazi, wala Jumanne. Yule jirani wa mahindi alichukua njia ya mtoni kuanzia siku hiyo ili asipite uani kwetu. Kaka aliliendesha tupu kwenda na kurudi sokoni, kuonyesha kwamba halijaanguka. Kisha akalirudisha Mbeya, akarudi nyumbani kwa miguu.

Kaka hakugombana na mama. Alimwambia tu, nami nikisikia nje ya dirisha, "Nilitaka kukwambia mwenyewe."

"Ungeniambia lini?"

"Ukishalipenda."

Mama akalia. Alisema hakuweza, maji yenyewe yaligoma kutoka. Alimwomba asiende tena kule chini, walime tu. Lakini shamba letu halikutosha kulisha nyumba mbili, na hilo mama alilijua kuliko sisi.

Wakati wa kuondoka nilimsindikiza hadi mjini Mbeya, kwenye kituo cha kuandikisha watu wa migodini. Alikuwa na blanketi lake lile lile begani. Nilijua wapimaji wa kule wangekisikia kikohozi, nikaomba wamkatae. Siku hiyo alikunywa asali, akabana pumzi, wakampitisha.

"Nasikia unahamia Mbeya," aliniambia tukingoja lori lao.

"Ndiyo. Tajiri anafungua tawi."

"Kiti chako kina mto?"

Nikatazama chini. Aliweka mkono begani pangu, na hilo ndilo nisiloweza kulisahau, kwamba aliuweka. "Mpelekee mama sukari," akasema. "Usingoje akuombe."

Nilimpelekea. Kila mwisho wa mwezi nilipanda mlima na mfuko wa sukari, na mama aliupokea, akanipikia, akaniuliza habari za mwenzangu. Sikuwa na habari. Kisha mtu wa kijiji cha jirani, aliyekuwa naye migodini, alirudi akiwa amebeba blanketi la kaka. Alisema kikohozi kilimwangusha, wakamzika huko huko, mbali, mahali ambapo hata yeye asingeweza kutuelekeza. Kwa mara ya pili mama hakuwa na kaburi la kupalilia.

Siku ya matanga nilimweleza yote, kwamba nilitumwa, na kwamba kaka alinikataza nisiseme. Sikuweza kukaa na siri hiyo mbele ya lile blanketi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wajapani walinichukulia mmoja," akasema. "Mimi nilidhani ndio wanaorudi kumchukua wa pili." Akakunja blanketi, akaliweka juu ya kigoda. "Nenda kazini, karani."

Tangu siku hiyo aliniita hivyo. Hakunifukuza, hakunilaani, chakula alinipa. Lakini neno "mwanangu" hakulisema tena, hata nilipooa, hata nilipomletea wajukuu, ambao aliwaita "wanangu" mbele yangu.

Magari ya kiwanda kile yalikuja baadaye yakajaa nchi nzima. Watu wa kwetu ambao hawakuthubutu kupakia gunia la viazi leo hawataki kusikia gari la mahali pengine. Mama alipofariki, mvua ilikuwa imekata njia ya mlimani, na gari pekee lililoweza kulipandisha jeneza lilikuwa la wafuma nguo wale wale. Nilikaa nyuma nimelishika jeneza. Gari lilinguruma kwa sauti ile ile ya Nyololo.

Tawi la Mbeya nililisimamia miaka michache, likafungwa. Kwa kusema "sawa" siku ile nilimpoteza kaka yangu, aliyefia chini ya ardhi ya watu, na nilimpoteza mama yangu akiwa hai, akinipikia. Mpaka leo hakuna mtu aliye hai anayeniita mwanangu, na wa mwisho aliyeweza kuniita hivyo alikufa akiniita karani.