Kikoi na Pawa ya Tatu

Sitaki huruma ya mtu, aibu hii niliitafuta mwenyewe, na nikiikumbuka hata nikiwa peke yangu bafuni huwa nafumba macho.

Nilikwenda Mtopanga kwa kina Dama kujitambulisha, maana nilitaka kumuoa na baba yake alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Mzee amekata miti maisha yake yote, akasikia nami nina pawa (msumeno wa injini, kale kangu kadogo ka kupogolea miti ya mahoteli), akafurahi, akatoa zake tatu za zamani tuzijaribu kwenye gogo la mbambakofi lililolala uani. Akanipa ovaroli. Ilinuka oili ya miaka, na suruali yangu mpya sikutaka ichafuke, nikaomba kikoi. Hapo ndipo nilipoharibu.

Ya kwanza ilikuwa na nguvu mara mbili ya yangu, lakini laini, unakata huku unawaza mambo mengine. Ya pili ilikuwa na hasira, kamba yake ya kuwashia ilinichuna vidole ndipo ikakubali. Ya tatu, jamani! Upanga wake, lile bapa linalozungukwa na mnyororo, ulinifika kifuani, haina breki wala mpira wa kupunguza mtetemo, chuma kitupu, na ilipowaka niliisikia kwenye meno na mbavu, nikaogopa na kupenda kwa pamoja. Mti ule unaopinda misumari ulifunguka kama mkate. Nikawaza mzee huyu alibeba kitu hiki kutwa, miaka yote hiyo, nikamheshimu upya.

Katikati ya gogo nikahisi fundo la kikoi linalegea. Mwenye akili angezima, mimi nikajiambia namalizia, imebaki kidogo (haikuwa imebaki kidogo), na mtetemo ulishanitia ganzi kiuno chote, kwa hiyo kilipoanguka sikujua. Niliona tu shemeji zangu, ndugu zake Dama waliokuja kutazama, wameachama, nikadhani wananishangilia, nikaongeza moto. Ndipo nikamwona mama yake Dama, ambaye kwetu hata kumkazia macho ni utovu wa adabu, amejifunika uso kwa leso na kugeukia ukuta. Nikatazama chini. Kikoi kiko kwenye unga wa mbao, mimi nina chupi yenye tundu, na mikono yote miwili imeshika mashine isiyo na breki.

Ningefanya nini? Nilikata mpaka mwisho. Nikazima, nikaiweka chini taratibu, nikajifunga kikoi, nikawa natafuta lango kwa macho, maana nilijua mke nimeshamkosa. Mzee akaja, akapapasa pale nilipokata, kisha akapandisha suruali kunionyesha kovu refu la muundi.

"Mwenzangu mmoja alishtuka akaiachia," akasema. "Wewe umeaibika na hukuiachia. Dama ni wako, mwanangu. Lakini mamaye usimsogelee mpaka arusi."

Tulioana. Kikoi sasa ni cha kulalia tu, na nikishika mashine yoyote navaa ovaroli na mshipi juu yake, inuke itakavyo. Mama mkwe naye, mpaka leo akisikia pawa inawaka popote mtaani, huingia ndani akafunga mlango.