Mkebe wa Magadi

Asubuhi ya mtihani wa fizikia, taa ya manjano ya maabara ilikataa kuwaka. Mimi ndiye niliyekuwa mtunza maabara katika shule ile ya wasichana nje kidogo ya Nyeri, kazi yangu ya kwanza.

Mwalimu wa fizikia alijaribu balbu ya kawaida. Watahiniwa walitakiwa kuhesabu miviringo ishirini ya mwanga chini ya lenzi. Kwa balbu tuliona minne tu, ya rangi rangi, kisha weupe mtupu. Alikuwa amenieleza sababu siku nyingi kabla. Wanawake wanaotoka msituni na kuni, alisema, kila mmoja na mwendo wake, hupotezana kwenye kona ya kwanza. Balbu ina rangi zote, nazo hupotezana mapema vivyo hivyo. Mwanga wa karibu rangi moja tu hufika mbali ukiwa bado pamoja.

"Kimbia jikoni ulete chumvi," akaniambia. "Tukiweka kwa moto ya spiriti, itatoa manjano."

Mpishi alikuwa nje akipasua kuni. "Iko kwa mkebe ya juu," akasema bila kuinua kichwa. Kwa haraka zangu nikanyakua mkebe wa kwanza niliouona, nikarudi mbio. Moto ukageuka manjano, miviringo ikajaa hadi pembeni, na wasichana wanane wakaanza kuhesabu.

Saa sita mpishi alinijia. "Dada, ulibeba magadi yangu. Mahindi na maharagwe ya githeri itaiva aje bila hiyo?"

Mwalimu alikuwa ameshaandika kwenye ripoti ya mtihani kwamba tulitumia chumvi. Nilirudisha yaliyobaki bila kumwambia mwalimu.

Kwa miezi mitatu niliogopa kila bahasha iliyoletwa ofisini. Akilini niliwaona wasichana wanane wamefutiwa matokeo, na mwalimu ameitwa mwongo, kwa sababu yangu. Nilikonda hadi mama yangu, kule Chaka, akaniuliza kama nina mimba.

Matokeo yakaja, wote wamepita. Ndipo nikaenda kwa mwalimu nikakiri, nikilia.

"Lakini nilijua," akasema. "Mpishi aliniambia siku hiyo hiyo, nikarekebisha ripoti. Magadi na chumvi zote ziko na sodiamu, rangi ni ile ile. Ati hukujua?"

Nilitamani kumtupia mkebe. Hakuna aliyekuwa ameniambia, na mimi sikuwa nimemuuliza mtu.